Jino la mbele lilinikatika harusi ipo mlangoni, daktari akakataa kung'oa mpaka aone mzizi na mfupa

Wakuu, assalam aleikum. Hiki nnachokuelezeni kimenikuta mwenyewe, na anayebisha aje Kikwajuni anitazame meno.

Harusi yangu ilikuwa inakaribia. Nimekaa na dada zangu tunakula ubuyu, kokwa moja ikanipasua jino la mbele. La katikati!

Kikabaki kipande tu kwenye ufizi.

Nililia, wakuu. Mchumba wangu Haji ni fundi wa boti Nungwi. Kila akipiga video call namwambia network mbaya.

Nikaenda kliniki moja hapa mjini. Nshasoma mtandaoni kuwa siku hiyo hiyo wanang'oa na kukuwekea implant, yaani skrubu ndani ya mfupa, juu yake jino. Nikamwambia daktari, mwanamke mpole sana, "Ng'oa, uweke leo leo."

"Bibi harusi, subiri. Kwanza nione mzizi umelalaje na mfupa una unene gani."

Nikanuna. Akanipiga scan ya 3D ya taya.

Akanionyesha kwenye kompyuta. Mzizi wangu umeegemea mbele, upande wa mdomo, na mfupa wa hapo mwembamba kama ganda la yai.

Roho ikanipaa!

"Lakini tazama nyuma ya mzizi," akasema, "mfupa umejaa. Skrubu itashika hapa. Ungekuwa haba, ningekusubirisha miezi, hata ungelia vipi."

Nikapiga kigelegele pale pale kwenye kiti. Na pengo langu!

Aling'oa taratibu, akatia skrubu, na kwa kuwa ilishika barabara akaniwekea jino la muda. Sharti nisilitafunie mpaka mfupa upone.

Nikaona nimwambie Haji ukweli kabla ya nikaha. Akaja nyumbani, akanisikiliza, kisha akatia kidole mdomoni akachomoa jino lake la mbele!

"Na mie hili la kubandika," akasema. "Langu liling'oka kwenye mpira wa skuli. Nilikuwa natafuta pa kuanzia kukwambia."

Mama alikuja mbio kuuliza kulikoni. Tunacheka tu, Haji na jino mkononi.

Siku ya harusi nyama ya biriani nilichambuliwa vidogo vidogo, na picha zote nimecheka. Jino la kudumu sasa nshawekewa.

Nilichojifunza: hata uwe na haraka vipi, usikubali implant bila mzizi na mfupa kutazamwa. Na semezaneni na wachumba zenu.

Wiki hii zamu ya Haji kupigwa scan, naye anataka implant. Anashinda na misumeno, lakini sindano ya ufizi anaikimbia. Waliopitia, mtieni moyo hapa chini, nnamsomea!