Folda ya Kung'oa Maharage

Watu wanaogawa programu bure wananiudhi, na nawapenda. Wanakupa kitu walichokihangaikia miaka, hawakudai hata asante, lakini wanakupa kikiwa bado hakijawa kitu. Unapokea maandishi, maelfu ya mistari, na ni juu yako kuyakompaili, yaani kuyageuza yawe programu inayofunguka ukiibofya. Ni sawa na kupewa mahindi ambayo hayajapukuchuliwa ukaambiwa karibu ugali. Kinu, kuni, sufuria, shauri lako.

Mimi ni fundi kompyuta, Mbalizi, pembeni mwa Mbeya. Nimepanga chumba cha mbele katika nyumba ya mama mmoja muuza vitenge ambaye wazee wake walitoka pwani, na wateja wangu huniletea mashine zilizomwagikiwa chai au zilizoingiwa na mende. Mambo ya programu za sauti hayakuwa yangu. Aliyenitumbukiza huko ni dada yangu, mkubwa kuliko sisi wote, anayeishi Mlandege kule Iringa na aliyefundisha kwaya ya usharika wao tangu mimi sijajua kusoma.

Dada alikuwa anapoteza masikio. Alianza kwa kutosikia mlio wa simu, akadhani simu imekufa. Kisha akaacha kusikia ndege wa asubuhi, akadhani wamehama kwa sababu jirani alikata miti. Alipokwenda kupimwa hospitali ya Tosamaganga aliambiwa kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, nzito zitafuata polepole, na hakuna aliyeweza kumwambia hiyo polepole ni ya muda gani. Alinisimulia habari hiyo kwa simu kana kwamba inamhusu mtu wa mtaa wa pili. Halafu akanieleza anachotaka. Kwa miaka mingi alikuwa akiwarekodi wanakwaya wake sauti moja moja: sauti ya kwanza, wale wanawake wa sauti nyembamba, peke yao, ya pili peke yao, na wanaume vivyo hivyo. Sasa alitaka kuziunganisha nyimbo zile, apime mwenyewe nani apande na nani ashuke, wakati bado anazisikia.

"Kwa nini usizipeleke studio?" nilimuuliza.

"Studio gani? Hawa vijana wanatupigia kinanda mpaka maneno yanazama. Nataka mkono wangu."

Nilimwambia anitumie, nitamuunganishia. Akacheka, akasema masikio yangu yaliwahi kumfukuzisha mtu kwenye kwaya ya Jumapili, na mtu huyo ni mimi.

Programu ya kazi hiyo ipo, nzuri sana, ya bure. Tatizo lilikuwa kompyuta yake. Ni laptopu ya zamani, nzito kama tofali, ambayo niliiwekea mfumo wa bure kwa sababu mifumo mingine iliielemea. Waliotengeneza programu walikuwa wameacha kuiandalia mashine za umri ule. Ilibidi niyachukue maandishi yao, niyakompaili mwenyewe, halafu niyafunge kuwa kifurushi, faili moja ambalo dada angelibofya likajipanga lenyewe bila kunipigia simu. Nilimwambia ni kazi ya wiki moja. Sijui nilikuwa najivunia nini.

Programu ya sauti haiji peke yake. Inataka maktaba, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine: maktaba ya kusomea mafaili, na maktaba ya kuongea na spika, na maktaba ya kupunguza mlio wa upepo, na kila maktaba ina ndugu zake ambao bila wao haiji. Unampata ndugu, unaambiwa ni mzee mno. Unampata kijana, anamkataa yule mzee mliyekwisha kumkaribisha. Kompyuta yangu ilikuwa inakompaili kuanzia asubuhi mpaka saa za mchana, feni ikilia, mistari ikipita kwenye skrini, na ikifika karibu na mwisho inasimama na kuniandikia kosa moja kwa herufi nyekundu. Au umeme unakatika. Mvua za Mbeya na umeme wake mnajua wenyewe.

Mama mwenye nyumba alikuwa anapita mlangoni na vitenge vyake mabegani.

"Mwanangu, hiyo mashine inapika nini tangu asubuhi?"

"Inapika programu, mama."

"Na haiivi tu?"

"Haiivi."

"Basi ongeza moto, au mbadilishe mpishi," akasema, akaenda zake. Siku nyingine ningecheka. Siku ile nilifunga mlango.

Kifurushi cha kwanza kilipokubali nilikitia kwenye flashi nikaituma kwa basi. Jioni ile dada alinipigia anapiga vigelegele. Imefunguka! Ameweka wimbo, ameusikia. Sijamaliza kufurahi, kesho yake akapiga tena.

"Imefunga."

"Imesema nini?"

"Haijasema kitu. Imeondoka tu, kama mtu aliyeudhika."

"Ukifanya nini?"

"Nikifungua wimbo. Hizi za palizi zinaimba vizuri. Zile zingine ndo hazitaki."

Nilimsikia lakini sikumsikiliza. Nilidhani nyimbo za palizi ni nyimbo fulani za kuimba shambani, fupi pengine, na zile zingine ni ndefu, kwa hiyo kumbukumbu ya mashine inajaa. Nikaipunguzia programu ulaji wake wa kumbukumbu, nikakompaili upya, nikatuma. Ikafunga. Nikaona basi ni ile maktaba ya kusomea mafaili, nikaibadilisha, nikakompaili, nikatuma. Ikafunga. Kwangu kila wimbo niliojaribu ulifunguka bila neno, na hilo ndilo lililonipandisha mori, kwa sababu kosa lisiloonekana kwako huna pa kulishika. Niliwaza labda dada anabofya vibaya. Nilimuuliza, kwa sauti isiyo ya kumuuliza mtu mkubwa. Akasema, "Mdogo wangu, mimi kubofya najua."

Wakati huo mvua zilikwisha, baridi ikaingia, na simu zetu zikaanza kubadilika. Mwanzoni ilikuwa neno moja moja analoniomba nirudie. Baadaye ikawa sentensi nzima. Nilianza kupaza sauti bila kutambua, mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza nagombana na nani kila jioni. Nilikuwa nasema, "Dada, jaribu tena," kwa kelele za mnadani. Niliogopa sana siku zile. Niliona kila kifurushi kinachofeli kinamlia dada masikio, na mimi ndiye ninayekifunga na kukituma.

Mwishoni nilifunga duka, nikaenda Iringa.

"Kamwene," alinisalimia mlangoni, akanikazia macho mdomoni ningali sijajibu. Ndivyo nilivyojua hali imefika wapi.

Laptopu ilikuwa mezani sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio za zamani. Nilimwambia afanye kama anavyofanya siku zote, mimi nikae pembeni nione. Akafungua mahali alipohifadhi kazi zake, nikaona folda zimejipanga: Kupanda. Palizi. Kung'oa Maharage. Kuvuna Mahindi.

"Dada, hizi ni nyimbo za shamba?"

Alinishangaa. "Nyimbo za shamba za nini? Ni za kanisani zote. Hiyo ni lini tulirekodi."

Mimi huandika tarehe. Dada hakumbuki tarehe, anakumbuka walikuwa wanafanya nini shambani. Folda ya Kupanda ilikuwa na nyimbo chache na za Palizi hazikuwa nyingi, kwa sababu miezi hiyo mvua inapiga bati la kanisa na huwezi kurekodi kitu. Kuvuna Mahindi ilikuwa karibu tupu, kwani wakati huo wanakwaya wote wako mashambani. Nyimbo zake za maana, miaka na miaka, zilirekodiwa mvua ikishakatika na maharage yameanza kukauka. Zote zilikuwa ndani ya Kung'oa Maharage.

Akabofya wimbo wa Palizi, ukaimba. Akabofya wa Kung'oa Maharage, programu ikaondoka, kama alivyosema, kama mtu aliyeudhika.

Nikamwomba kiti. Niliiendesha programu kutoka kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ambako makosa yanayofichwa kwenye vitufe hutamkwa waziwazi. Ikalalamika kwamba kuna alama iliyofunguliwa na haikufungwa. Nilitazama mstari ule kwa muda mrefu. Halafu nikaona, nikataka kulia.

Ilikuwa ng'. Ile ritifaa, kale kaalama kanakokaa juu, baada ya g, ili usije ukaisoma ng' ya ng'ombe kama ng ya ngoma. Programu ikifungua wimbo huita kiprogramu kingine kidogo kiutayarishe, na jina la wimbo na folda yake hulifunga kati ya ritifaa mbili, moja mwanzoni, moja mwishoni, ijue jina limeanzia wapi na limeishia wapi. Ikifika kwenye Kung, inakutana na ritifaa, inasema haya, jina limekwisha. Yanayobaki, oa Maharage, haijui ni mdudu gani. Inachanganyikiwa na kufa. Mimi Mbalizi nilikuwa najaribia nyimbo zangu kwenye folda inayoitwa Jaribio. Ningeiita Jaribio la Ng'ombe, ningelijua kosa siku ya kwanza.

Miezi yote ile! Maktaba zote zile nilizozipangua na kuzipanga hazikuwa na kosa lolote. Nilisimama nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi.

"Nini?" dada akauliza.

Nilimwonyesha kwa kidole. Akainama, akasoma, akanitazama.

"Kwa hiyo haitaki ng'?"

"Haijui ng'."

"Ilitaka niandikeje? Kungoa?" Akaitamka hivyo hivyo, kwa g nzito. "Kungoa maharage! Sasa hayo maharage tutayafanyaje?" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa kitenge.

Ningeweza kubadilisha jina la folda na kumaliza, na kwanza nilifanya hivyo, aendelee na kazi. Lakini ndani yake kila wimbo ulikuwa umeandikwa kwa maneno yake ya kwanza, na nyingi zilikuwa na ng' hiyo hiyo, Nyota yang'aa, Mlango umeng'olewa, Ng'ambo ya mto, na programu ikafia kwenye hizo vilevile. Basi nikarekebisha pale pale mezani kwake. Ilikuwa mistari miwili tu. Laptopu ile ikakompaili mchana kutwa, imepata moto mpaka dada akaihamishia juu ya sinia, naye akaniletea chai na viazi vya kuchemsha na kukaa mkabala nami, akinisimulia habari za ukoo kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Wale wenyewe wa programu niliwapelekea marekebisho yangu, na majibu yao nitayasema hapa hapa ili nisiyarudie. Walinishukuru kwa adabu, wakasema ni vyema watumiaji wasiweke alama za ajabu kwenye majina ya mafaili. Alama za ajabu! Niliandika jibu refu, nikalifuta. Niliandika lingine lenye ng'ombe, ng'ambo, ng'amua na kinyang'anyiro, nikalituma. Sijajibiwa.

Jua lilikuwa limeanza kushuka kifurushi kilipokamilika. Dada akaketi, akavuta miwani, akafungua Kung'oa Maharage, akabofya. Wanakwaya wakaimba. Hakushangilia, aliingia kazini moja kwa moja. Besi akaishusha kidogo. Sauti ya pili akaisogeza upande. Mkono wake kwenye kipanya ulikuwa ule ule ninaoukumbuka tangu utotoni ukiwaongoza watu, hauna haraka. Nilijisikia mwepesi. Nilifikiri, tumewahi.

Kisha akashika sauti ya kwanza, akaipandisha. Akapandisha tena. Akainamisha kichwa upande wa spika, akapandisha tena, mpaka wale wanawake wakawa wanatoboa masikio na vikombe mezani vinalia.

"Dada," nilimgusa bega. "Sauti ya kwanza imezidi. Ishushe."

Akashusha. "Hapa?"

"Bado."

"Hapa?"

"Kidogo tena. Hapo. Hapo ndipo penyewe."

Na kweli hapo palikuwa penyewe, hata mimi wa kufukuzwa kwaya nilisikia. Sauti zote nne zilikaa pamoja, maneno yanasikika, mtu angedhani yuko kanisani nao. Dada alisikiliza ubeti mzima mkono ukiwa hewani. Halafu akavua miwani.

"Mdogo wangu," alisema, "hapo mimi siwasikii kabisa."

Nilitazama skrini. Mstari wa sauti ya kwanza ulikuwa unapanda na kushuka, wazi kabisa, wanaimba. Nikautazama vile vile nilivyozoea kutazama, natafuta kosa liko wapi. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi.

"Basi wapandishe," nikamwambia, na nikarudia kwa kelele kwa sababu hakunisikia. "Wapandishe, dada."

Akawapandisha mpaka juu, spika ikaanza kukwaruza, naye akafumba macho, akaimba pamoja nao.