Bawabu wa Ukumbi na Mpiga Tarumbeta

Mji ule mdogo ulikuwa na ukumbi mmoja, ukumbi ulikuwa na mlango mmoja, na mlango ulikuwa na Kodo. Jina hilo alipewa na walevi kwa jinsi alivyokodolea watu macho. Nyumbani aliitwa Baba Pacha. Enzi za bendi alikuwa pale. Ikaja sinema ya kutupwa kwenye shuka jeupe, yuko pale. Likaja disko na taa zake za kuzunguka, bado yuko pale. Mji mzima ulicheka, ukachumbiana na kugombana nyuma ya mgongo wake, yeye akitazama nje.

Kazi yake ilikuwa kumgonga muhuri wa wino mkononi kila aliyelipa, ili akitoka kupunga upepo aweze kurudi. Wajanja hawakulala. Aliyelipa alitoka, akalamba mkono, akaubana na wa mwenzake, wino ukahamia. Lakini muhuri wa wizi hutoka umegeuka, na Kodo aliujua hata gizani. Alishika vijana, akashika walimu, siku moja akamshika shemeji yake mwenyewe na kumtoa kwa ukosi wa shati.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alipenda kusema.

"Basi uwe unavua," mkewe alimjibu.

Huyo mkewe ndiye aliyemtia homa. Mama Pacha alijua kucheza, na mke wa bawabu aliingia bure. Kila bendi ilipopumzika, mpiga tarumbeta, mwanamume mrefu mwenye viatu vya rangi mbili, alikuwa hakosi karibu naye. Kodo alisikia vicheko, na kuubandua mgongo mlangoni hakuweza. Wivu ulimkaa mpaka bendi ikahama mji, na hata ilipohama haukutoka.

Miaka ikaenda. Video za majumbani zikalimaliza disko, ukumbi ukawa ghala la saruji, Kodo akarudi kukaa nyumbani. Asubuhi moja mkewe akimmiminia chai, Kodo aliona wino wa bluu mkononi mwa mkewe, umesuguliwa kwa sabuni ukagoma kutoka.

"Nini hicho?"

"Chai."

"Hapo mkononi."

"Aa, kalamu za wajukuu hizo."

Kalamu! Yeye aliyesoma mikono ya watu maisha yake yote, leo aambiwe kalamu! Papo hapo akakumbuka gauni lililofufuliwa sandukuni, na manukato, na safari za kumjulia hali dada kila Jumamosi mchana. Dada gani huyo anayetembelewa kwa manukato? Jumamosi iliyofuata akamfuata kwa mbali, akijibanza nyuma ya mikokoteni ya sokoni kama mwizi wa kuku.

Mkewe akaingia ukumbini. Saruji ilikuwa imeondolewa. Mlangoni alikaa binti asiyemjua Kodo, akamdai tiketi, na Kodo, ambaye hajawahi kununua tiketi pale, akanunua. Ndani wazee wa mji walikuwa wanacheza nyimbo za bendi ile ile kutoka kwenye spika. Mama Pacha alikuwa katikati, anacheza na mjane mmoja, fundi cherehani. Kodo alitafuta viatu vya rangi mbili kila pembe. Hakuviona, na hasira yake ikakosa pa kutua.

"Umefika, askari," mkewe alisema.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Yule wa tarumbeta."

"Alishafariki, Baba Pacha. Tuliletewa habari ukiwepo, ukasema watu wa mji huu wanapenda kuzusha."

"Sasa mbona ulinificha?"

"Ningekwambia ungekuja kukaa mlangoni."

"Lakini kulikuwa na kitu."

Mama Pacha akajifuta jasho. "Kulikuwa na kitu. Siku bendi inahama aliniambia kwenye gari kuna nafasi yangu. Akanibembeleza mpaka nikalia."

 Maisha yote Kodo alitaka kuambiwa kwamba hakukosea, na sasa alipoambiwa, iliuma.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia siwezi, mume wangu yuko mlangoni ananisubiri."

Kodo akainamisha kichwa. Uongo ungemfaa zaidi, lakini haukumjia.

"Mama Pacha, mimi sikuwa nakusubiri. Nilikuwa nakuchunga."

"Najua," mkewe alisema. "Ila yeye sikumwambia hivyo."