Wasifu Uliopoteza Watoto

Nikikumbuka ile ofisi yetu ya uchapaji pale Same, bado nasikia harufu ya plastiki mpya. Foleni za sukari zilikuwa zimeisha juzijuzi tu, nasi tayari tulikuwa na kompyuta, tukizivulia viatu mlangoni.

Utaratibu wetu niliupenda. Faili la asili, lililo kwenye mashine kuu, halirekebishwi moja kwa moja. Unalinakili kwenye disketi yako, unarekebisha nakala, kisha unairudisha mahali pa lile la zamani. Hatukuwahi kuwaza watu wawili wakirudisha faili moja.

Siku moja kazi ilikuwa wasifu wa marehemu mzee mmoja wa Ugweno. Watoto wa mke mkubwa walikuja kwangu kuongeza wajukuu. Wa mke mdogo, ambao hawakuwamo kabisa, walikwenda kwa mwenzangu Nakiete awaingize. Kila mmoja wetu akachukua nakala yake. Nakiete alimaliza kwanza, akarudisha. Niliporudisha yangu, mashine iliuliza kama ifute iliyopo. Nikabonyeza ndiyo kwa madaha, nikachapa.

Mazishini nilisimama mbele, nikifurahia kazi yangu ikisomwa. Watoto wakatajwa, wajukuu wakatajwa, msomaji akakunja karatasi.

"Samahani, baba mdogo," akasema binti wa mke mdogo, kwa upole. "Sisi ni watoto wa nani?"

Msomaji akaikunjua tena, akatafuta hadi upande wa pili.

"Nimesoma nilichopewa, mwanangu. Aliyechapa yupo hapa?"

Nakiete akanitazama. Nikanyoosha mkono.