Ukoka Mbele ya Mlango wa Mama

Mimi ni mwoga, sifichi. Mama anaishi peke yake kando ya ziwa, upande wa Magu, juu ya tuta la mchanga. Upepo ukianza kuvuma kutoka majini, mimi huku mjini Nyamagana nashika simu.

Zamani tuta hilo lilikuwa limefunikwa. Ukoka ulitambaa mbele kabisa karibu na maji, nyuma yake majani marefu, kisha vichaka. Hatukuiona kazi ya mimea hiyo. Baba alipofariki, mawifi zangu walikuja na majembe. Kwetu uwanja wa mjane ukiota majani, watu husema ametupwa. Basi wakapalilia kwa upendo mpaka majini, wakafagia, tuta likabaki jeupe. Majirani wakawasifu, nami nikapiga vigelegele.

Kiangazi kilipofika, mchanga ukaanza kuhama. Uliingia kwenye ugali, kwenye shuka, chini ya mlango. Asubuhi moja, baada ya upepo wa usiku kucha, nilifika kwa mama nikakuta umerundikana mlangoni hadi magotini. Mlango ule, wa pekee, unatazama ziwa na unafunguka kwa nje. Madirisha yana nondo. Nilibisha, nikaita, kimya. Nikachimba kwa mikono huku nikilia kwa sauti.

"Nani huyo?" mama akauliza kutoka ndani.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimesukuma tangu alfajiri, mwanangu. Nimechoka."

Alikataa kuhama, baba amezikwa pale. Tukaamua kurudisha ukoka. Tulilaza matawi ya miiba kuvunja upepo na kuzuia mbuzi, na mvua zilipoanza tukafukia vipande vya ukoka vyenye vifundo. Mwingi ulikauka. Uliobaki, mchanga ukiufunika, unachomoza juu na kutoa mizizi upya. Nyuma yake vimeanza kuota vichaka ambavyo hatukupanda. Haba na haba hujaza kibaba, wanasema, ila upepo haungoji kijae: mbele ya mlango bado ni mchanga mtupu.

Wapita njia wanasema tumemtupa mama. Waseme.

Jana jioni upepo ulivuma, nikampigia simu.

"Mlango unafunguka?"

"Unafunguka. Wewe mtoto utakufa kwa hofu."

"Fungua nisikie."

Akaiweka simu chini. Kisha nikasikia ubao ukikwaruza mchanga, ukakwama, na mama akihema.