Fundi wa Misigiri Anayeuonea Wivu Usukani

Habari hizi nimesimuliwa na Lea, mke wa fundi Naftali, Jumapili baada ya ibada, tulipokuwa tukipepeta uwele uani kwake hapa Misigiri. Mumewe alikaa karibu, na kila mkewe aliporuka jambo, alilitia mwenyewe.

Saa kumi na moja alfajiri Naftali yuko chali chini ya lori la Bwana Gaspari, mnunuzi wa ngozi. Anakaza, anafuta, anatoka. Anawasha injini, anakanyaga mafuta mara moja, lori linaitika papo hapo. Kisha anashuka na kumwachia kiti dereva, Simeoni.

"Anaondoka bila hata kunitazama," anasema Naftali. "Na mimi namtazama mpaka vumbi liishe."

Kiti hicho kilikuwa chake. Yeye ndiye aliyekuwa dereva, na akijitengenezea gari mwenyewe.

Shida ilianza baada ya masika. Barabara haikupitika, lori likakaa wiki nyingi tangi likiwa kavu. Liliporudi kazini lilikuwa na tabia mpya. Kila Naftali alipokanyaga mafuta, injini inanyamaza kwanza kama mtu aliyeulizwa swali gumu, halafu ndipo linashtuka na kwenda.

Kwenye tambarare hilo si neno. Lakini kwenye mlima wa Sekenke, lori limejaa ngozi, ule ukimya mdogo baada ya kubadilisha gia ulitosha kulimalizia mwendo wote. Lilizimika kwenye kona, abiria wakaruka chini kutia mawe nyuma ya magurudumu.

Naftali alisafisha plagi. Alipuliza bomba la petroli. Alikagua vyuma vinavyotoka kwenye pedali, isije ikawa vimelegea. Lori likasita vilevile.

Bwana Gaspari akachoka. Akamwita Simeoni, dereva aliyetokea Kilimatinde, ajaribu. Simeoni akapanda Sekenke bila kusita hata kidogo.

"Misigiri nzima ilinicheka," anasema Naftali. Marietha, muuza uji wa pale njia panda, alimwambia mbele za watu: "Shemeji, gari limekuacha. Limepata mwanamume."

Wivu ukamkaa. Aliamini Simeoni ametia dawa. Siku moja alipekua chini ya kiti akitafuta hirizi, akakuta kitambaa na karanga.

Mwisho aliomba apande naye.

"Panda, kaka," Simeoni akamwambia. "Ila leo wewe ni mzigo, na mzigo hausemi."

"Sikuangalia barabara," anasema Naftali. "Niliangalia mikono yake tu."

Ndipo alipoona. Kila alipobadilisha gia, kabla ya kukanyaga mafuta, Simeoni alivuta kidogo choki, kile kitufe ambacho madereva hukivuta asubuhi injini ikiwa baridi ili ipate petroli zaidi. Lori likishaitika, alikirudisha.

"Mbona unavuta hiyo?"

"Linapenda hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu linijue mimi."

Naftali alilimeza hilo, maana hapo hapo alikuwa ameshaelewa. Kama petroli ya kuongezwa inaondoa kusita, basi lori lina njaa wakati ule ule mguu unapokanyaga. Simeoni hakuwa ameuponya ugonjwa. Alikuwa anauficha, na kuunguza petroli ya tajiri.

Kesho yake alifungua kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa. Ndani yake mna pampu ndogo, kazi yake ni kurusha tone la petroli kila dereva anapokanyaga. Alichungulia, akaisukuma kwa kidole. Badala ya kuruka, petroli ilitoka kama jasho. Pampu ile ina kikombe cha ngozi, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Tangi lilipokaa bila petroli kilikauka, kikasinyaa, na petroli ikawa inapita pembeni.

Kilihitajika kikombe kipya, lakini ngozi za Bwana Gaspari zilikuwa ngumu kama mbao. Naftali akaenda nyumbani, akatoa ngozi ya mbuzi aliyobebea watoto Lea, iliyolainishwa kwa samli miaka yote.

"Nilimkuta na kisu," anasema Lea. "Nikamwambia, Baba Sara, huyu mke mwenzangu umeshampa mikono yako na siku zako zote. Sasa unampa na mbeleko ya wanangu?"

"Nikamwambia ni kipande kidogo tu," Naftali anadakia.

"Na huyo mke mwenzangu alianza hivyo hivyo, kidogo tu."

Naftali alikiloweka kipande kile kwenye oili, akakiumba kwenye ncha ya kijiti, akakitia mahali pake. Petroli ikaruka. Akamchukua Bwana Gaspari, wakashuka Sekenke, wakapanda. Choki hakuigusa. Walipofika juu, tajiri alimshika mkono akicheka.

"Mzee, kesho niondoke saa ngapi?" Naftali akauliza.

"Wewe? Dereva nitampata popote. Fundi kama wewe akiniangukia kule korongoni, nitampata wapi mwingine? Baki hapa ulitunze. Simeoni ataendesha."

Akamwongezea shilingi kumi kwa mwezi. Lea alishukuru. Naftali alirudi chini ya lori.

Siku hizi Simeoni anapanda mlima bila kugusa choki, na watu wanamsifu. "Anasifiwa kwa pampu yangu," anasema Naftali. Kile kikombe kikavu bado anacho, ndani ya kopo. Anapoulizwa kama hajawahi kufikiria kukirudisha, anaangalia chini.

"Nimefikiria. Lakini likisita, si watasema fundi hafai?"

Tumaini lake ni gari la pili, ambalo Bwana Gaspari anasema atalinunua mnada wa ng'ombe ukienda vizuri. "Hilo," anasema, "watanikuta nimeshakaa."

Lea anasema jioni zao zote ni moja. Wakishakula, lori linasikika likimalizia mlima, na Naftali anakata maneno. Gia inabadilishwa, injini inaitika bila pengo.

"Amebadilisha mapema mno."

"Jana ulisema amechelewa."

"Jana alichelewa."

Lori likishazimwa, anajinyoosha mkekani na usingizi unamchukua. Lea anabaki macho kidogo, kwa sababu mguu wa kulia wa mumewe unakanyaga, unaachia, unakanyaga tena. Unapotulia, naye anajifunika, analala.