Nambari ya Bi Raihana

Binti wa kompyuta pale ofisi ya wasukaji mikeka, Kipungani, habonyezi kitufe mpaka aseme bismillahi. Hina yake imebaki kwenye ncha za kucha tu. Kila msukaji ana faili lake la maandishi, lina jina lake na mikeka aliyoisuka, na skripti, programu fupi ya kompyuta, huyasoma mafaili moja moja ikiyaingiza kwenye hifadhidata ya kijiji. Faili likikataliwa, yeye hupuliza vidole kama aliyeshika chungu cha moto, kisha huanza tena.

Bwana Madi alikaa mlangoni akingoja faili la marehemu mkewe, Bi Raihana, liingizwe. Likakataliwa.

"Halina nambari ya simu, babu. Bila nambari haliingii, na mikeka yake haitajulikana."

"Huko aliko, mwanangu, hakuna mtandao."

Binti hakucheka. Alipuliza vidole, akaandika nambari, akasema bismillahi, akabonyeza. Jina la Bi Raihana likatokea kati ya wenziwe.

"Umetia nambari ya nani?"

"Yangu. Wakimuulizia, nitawajibu mimi."

Mzee akavuta kiti karibu na meza. "Basi sikiza, ujue la kuwajibu. Mkeka wake wa kwanza ulikuwa wa harusi yetu."