Chuma cha Akiba

Pale mtaa wa West Side, mjini Buffalo, Marekani, mtu akikwambia Dionizi ni mkweli, sikiliza vizuri anavyolitamka neno hilo. Hulitamka kama anayekuonya kwamba mbwa wa jirani anauma. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, sawa, lakini Mungu halali nyumba moja naye. Anayelala naye ni Fides, mkewe, mwaka wa ishirini na mbili huu, katika miji mitatu, na mji wa kwanza waliuhama kwa sababu ya mdomo wa mumewe.

Kazi ya Dionizi ni kunoa. Aliianza kambini Tanzania, alikozaliwa baada ya wazazi wake kukimbia Burundi, akikanyaga baiskeli iliyogeuzwa kinoo, mapanga ya watu yamepangwa foleni mbele yake. Walipoletwa Marekani, mji wa Louisville, alipata kibarua kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe, na visu vyake vilikata mpaka msimamizi akamtoa kwenye mstari wa wakataji na kumpa chumba cha kunolea peke yake. Wenzake wakamtania, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Wakati huo walikuwa bado wanampenda.

Halafu Gaspari, waliyetoka naye kambi moja, akakatwa vidole viwili. Kampuni ikauliza kama alikuwa amevaa glavu ya chuma. Watu wanane walikuwa pale pale, na wote wanane, kwa bahati ya ajabu, walikuwa wanatazama kwingine. Dionizi aliona, akasema: hakuvaa. Gaspari hakupata fidia hata senti. Jumapili iliyofuata, kanisani, benchi la Dionizi lilibaki na yeye na mkewe na mtoto tu, na Jumapili nyingine vile vile. Fides akafunga virago bila kuulizwa, wakahamia Columbus.

Sasa, mtu mwingine angeifukia hadithi hiyo. Dionizi alimsimulia binti yake Caritas mara nyingi kuliko hadithi za Biblia. "Baba yako hakusema uongo hata kwa ajili ya ndugu yake," alikuwa akimwambia, kifua mbele. Mtoto akakua akiamini kwamba baba yake ni mtu ambaye ukimwegemea haanguki.

Columbus walipanga mtaa wa Linden, na wote wawili wakawa wanafanya kazi kwenye ghala moja la Reynoldsburg. Shule ya Caritas ilikuwa inawapeleka watoto uwanja wa barafu kucheza hoki kila Alhamisi, bure, na viatu vya chuma vya kutelezea, vya kuazima. Wengi walilia baridi wakaacha. Caritas aliwekwa golini kwa kuwa hakujua kuteleza, na huko golini akagoma kutoka. Dionizi akawa anamnolea vyuma vya viatu mezani jikoni kwa jiwe la mkono, maana fundi wa uwanjani alikuwa akitoza. Siku moja fundi huyo akainua kiatu cha Caritas kwenye mwanga wa taa, akatazama makali, akauliza ni nani aliyefanya hivi. Hivyo ndivyo Dionizi alivyoachana na ghala akawa mnoaji wa uwanjani hapo. Miaka mitatu baadaye uwanja mmoja wa Buffalo ulitafuta mnoaji, naye akaenda na familia yake, wakapata nyumba ya mbao ya zamani yenye ngazi zinazolalamika. Ng'ambo ya mto ni Kanada, na daraja unaliona ukiwa unatupa takataka.

Ng'ambo huko ndiko Caritas alikotaka kwenda. Hoki ya vyuo vya Kanada haitajirishi mtu. Wachezaji wanapunguziwa ada, na hiyo nayo imewekewa kikomo ili chuo tajiri kisinunue makipa wote wa nchi. Lakini chuo kimoja cha Ontario kilikuwa na mfuko wa pekee, ulioachwa na bibi mmoja marehemu: kipa mmoja, ada yote, miaka minne. Bibi aliacha sharti kwamba nafasi ishindaniwe hadharani, barafuni, mbele ya watu. Caritas alikuwa na alama za darasani, alikuwa na mikono ya kudaka, na hakuwa na njia nyingine yoyote ya kulipiwa chuo. Mwaka mzima nyumba ile ilipumua kwa jambo hilo moja.

Majaribio yalifanyika Mei, na yalifanyika kwenye uwanja ule ule anaofanyia kazi Dionizi, kwa sababu barafu ya chuo ilikuwa imekwisha kuyeyushwa. Kocha alikuwa mtu wa tabasamu. Aliwaambia wazazi kwamba barafu haijui jina la mtu wala mfuko wa baba yake. Makipa walikuwa watano. Hadi saa sita mchana walibaki wawili, Caritas na msichana mmoja wa Hamilton, ng'ambo huko Kanada, binti wa daktari wa meno.

Kabla ya raundi ya mwisho yule msichana akaleta viatu vyake kwenye kaunta ya Dionizi. Chini ya kiatu cha barafu kuna chuma, kirefu kama kisu cha mkate, kinachochomolewa na kubadilishwa kikichoka. Dionizi alipitisha ukucha kwenye chuma cha kushoto, ukucha ukakwama. Kulikuwa na ufa. Mtu mwingine asingeuona, hata mwenye kiatu asingeuona, mpaka ajisukume kwa nguvu upande mmoja na chuma kivunjike chini yake.

Angeweza kumwambia tu, "Binti, chuma chako kimekufa," na hapo angekuwa amemaliza wajibu wake mbele ya Mungu na serikali. Lakini nyuma yake, juu ya rafu, kulikuwa na boksi lenye chuma cha akiba cha Caritas. Kipimo ni kile kile. Alikichomoa kwenye boksi, akakinoa, akakifunga kwenye kiatu cha msichana wa Hamilton, na hakutaka malipo.

Baadaye aliwaambia watu kwamba hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Huo ndio uongo pekee ambao Dionizi amewahi kuusema katika maisha yake. Alifikiri. Aliitazama barafu, akamwona Caritas amepiga magoti anajinyoosha, akawaza kwamba akishinda, watu watasema kashinda kwa mkono wa baba yake. Hilo ndilo alilolikimbia. Alitaka binti yake ashinde, ndiyo, lakini kwanza alitaka Dionizi atoke pale msafi.

Dakika ya sita ya raundi ile Caritas aliteleza kuokoa shuti la chini, na chuma chake cha kulia kikagonga mlingoti wa goli, makali yakafa. Kila mtu alisikia. Akaja ukingoni akichechemea, akamnyooshea baba yake mkono.

"Cha akiba, baba. Haraka." Kwa Kiingereza, maana wao huzungumza hivyo: wazazi kwa Kiswahili, yeye kwa Kiingereza, na nyumba inakwenda. Kiswahili chake alikuwa amekiwekea wageni na wazee wa kanisa.

"Hakipo," Dionizi akasema. "Nimemfungia yule mwenzako. Chake kilikuwa na ufa."

Mkono wa Caritas ulikuwa bado umenyooshwa.

"Lete hicho nikinoe," baba akasema. "Dakika kumi."

Kocha akapiga filimbi, akasema muda ni muda kwa wote, asionekane anapendelea. Caritas akarudi golini na mguu mmoja wenye makali. Akafungwa manne, yote upande wa kulia. Wa Hamilton alifungwa moja, na alipotoka alikuja kaunta akamkumbatia Dionizi mbele ya wote, akimshukuru. Siku tatu baadaye barua ikaja, ya pole.

Tangu siku ile Caritas hakumsemesha baba yake. Fides alipouliza kulikoni, alijibiwa, "Muulize yeye." Juni ikapita, Julai ikapita. Mlango wa gari aliubamiza mpaka kioo kikatetemeka, wa chumba hivyo hivyo. Lakini kila asubuhi alikuwa barabarani anakimbia, akishuka hadi mtoni na kupanda, akirudi fulana imelowa, na mchana yuko gereji, anarushiwa mipira ya tenisi na mama yake. Alikuwa hajawahi kufanya mazoezi namna ile. Akapata mwaliko wa majaribio mengine, chuo kidogo huko huko Kanada, Januari. Akaubandika kwenye friji, mahali ambapo baba yake lazima auone akifuata maziwa.

"Anadhani nilimnyima kwa makusudi," Dionizi alimwambia mkewe.

"Ulimnyima kwa makusudi," Fides akasema. "Sasa mwache. Hasira hiyo ndiyo inayomkimbiza asubuhi. Wewe kaa nayo tu, ni mzigo wako."

Akakaa nayo. Mpaka Agosti.

Tenda wema nenda zako, walisema wahenga. Hawakusema ufanye nini pale uliyemtendea anapokufuata hadi kazini na boksi la maandazi ya Kizungu. Mke wa daktari wa meno alivuka daraja mwenyewe kuja kumshukuru yule fundi mwema. Alikuwa mama mpole, na hakuwa na ubaya wowote moyoni, ndiyo maana alisema vile bila kupunguza sauti.

"Tuliogopa sana siku ile," alisema. "Fikiria angevunjika mguu kwenye majaribio ya maonyesho tu, wakati tulishasaini tangu Februari."

Dionizi akaweka kitambaa chini. "Februari?"

"Kocha aliogopa vyuo vingine vitamchukua. Lakini lile sharti la marehemu, unajua, ilibidi watu waone." Akafungua boksi. "Haya yana jamu."

Jioni hiyo Dionizi alimweleza mkewe, na usoni alikuwa na kitu ambacho Fides alikichukia papo hapo, maana kilifanana na furaha.

"Kwa hiyo siyo mimi," Dionizi alisema. "Hata angekuwa na chuma cha dhahabu, asingepata. Lazima nimwambie."

"Usimwambie, baba Caritas."

"Ni ukweli."

"Najua ni ukweli. Gaspari naye alikatwa vidole kweli na hakuvaa glavu kweli. Nisikilize. Mtoto anaamini kwamba barafu ina haki, ila baba yake ndiye hana. Kwa imani hiyo anaamka asubuhi. Ukimwambia, atakayepona ni wewe peke yako."

Alivumilia siku tisa. Mtu aliyevumilia benchi tupu la Louisville hakuweza kuvumilia kuchukiwa na mtoto wake bila hatia, au kwa hatia ndogo kuliko aliyohesabiwa. Siku ya kumi, asubuhi, alimkuta Caritas ameketi kwenye ngazi za nje anafunga kamba za raba, akamsimulia yote: Februari, saini, maonyesho, jamu.

Caritas hakuinua kichwa. "Hata ningekuwa na cha akiba?"

"Hata ungekuwa nacho."

"Hata nisingefungwa goli moja?"

"Hata hivyo, mwanangu. Ilikuwa imekwisha." Na Mungu amsamehe, alijisikia mwepesi wakati anayasema hayo. "Unaona sasa kwamba siyo mimi."

"Naona," alisema Caritas. Akazifungua kamba, raba moja, kisha ya pili, akaingia ndani na soksi. Dionizi alikula uji asubuhi ile mpaka akaongeza. Fides alisimama kwenye sinki amempa mgongo, na hakugeuka hata alipoombwa sukari.

Jumatatu Dionizi alikuta begi kubwa la kipa kwenye kaunta yake, na ile karatasi ambayo wateja huijaza. Jina, Caritas. Simu, ya nyumbani. Pale panapoandikwa kazi inayotakiwa, aliandika neno moja la Kiswahili: Uza. Ule mwaliko wa Januari haukuwapo tena kwenye friji. Wiki hiyo hiyo akaanza kazi ghalani Cheektowaga, anakofanya kazi mama yake, shifti ya asubuhi.

Na tangu hapo anamsemesha baba yake, vizuri sana, watu wa kanisani wanausifu upole wake. Tena anamsemesha kwa Kiswahili. "Shikamoo, baba. Umelalaje? Mgongo unaendeleaje?" Dionizi huitikia marahaba, na kila anapoitikia hutafuta Kiingereza kile cha ukali, cha mtoto wake, na hakisikii. Siku moja alimchokoza kwa makusudi, akaiacha redio ya gari kwenye mahubiri ambayo Caritas alikuwa akiyachukia. Aliyasikiliza hadi mwisho, akasema amina.

Januari ikafika, na siku ile ya majaribio ikafika. Theluji ilikuwa nyingi. Fides alikuwa amebadilishiwa shifti, kwa hiyo walikuwa wawili tu garini. Dionizi aliendesha akiwa na neno kooni tangu walipotoka nyumbani, na alilitoa pale tu taa za ghala zilipoanza kuonekana.

"Viatu vyako sikuviuza," alisema. "Nimevinoa. Nimeweka na chuma cha akiba, kipya. Viko hapo nyuma. Tukigeuza sasa hivi, saa nne tumefika."

Caritas akageuka, akalitazama begi lake kwenye kiti cha nyuma.

"Asante, baba," alisema. "Viuze tu. Kwa jinsi unavyonoa, vitapata mtu haraka." Akachukua chakula chake cha mchana, akamwambia aendeshe polepole, barabara inateleza. Akashuka, akaufunga mlango wa gari taratibu, asimsumbue mzee.